Gunzi Kwenye Mpira wa Injini

Mdogo wangu Mwita,

Bwana asifiwe huko uliko, ingawa sijui kama huko mnasalimiana hivyo. Ni mimi dada yako Bhoke. Ningekuja kukuambia kaburini, lakini wifi yangu yupo pale kila jioni, na tangu jana sijui nimtazameje.

Gari lako la mbio limefunguliwa. Tangu tukuzike lilikuwa chini ya turubai nyuma ya nyumba ya mama, kuku wanalala juu yake. Wazee hawakutaka liguswe. Walisema fundi Marwa alikuharibia injini, aibu ya mashindano yale ya ng'ambo ya mpaka ikakuingia moyoni, ndiyo maana homa ilipokuja haikukuacha. Mimi najua homa ni homa. Lakini maneno yalishaenda. Watu wa Genkuru waliokuwa wanampelekea magari wakaacha, na Marwa akawa anashinda gereji anapanga spana zake na kuzipanga tena.

Juzi alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Akawaambia wazee, "Nifungue boneti mbele yenu wote. Kosa likionekana ni langu, nifukuzeni Tarime." Baba mdogo Nyamhanga akakubali. Marwa akaeleza polepole, kama ulivyokuwa unanieleza mimi: injini ikikimbizwa sana, moshi hupenya pembeni ya pistoni ukashuka tumboni mwake, na usipotolewa hujaa, ukasukuma oili itoke popote penye udhaifu. Ndiyo kazi ya ile pampu mliyofunga ninyi wawili, kuunyonya moshi na kuutoa nje kwa mpira. Akaufuata ule mpira kwa kidole mpaka chini ya bampa, akavuta. Likatoka gunzi la mahindi, jeusi kwa oili.

Watu wakasogea kulitazama. Kisha baba mdogo akasema, "Basi. Mwanangu alirogwa." Macho yote yakamwendea Marwa, kwani nani mwingine alijua pa kuziba?

Mwita, mimi nilijua. Nilikumbuka palepale, na nikakaa kimya.

Ile Jumamosi ya harusi ya Kisaka. Nimevaa sare ya kwaya, moshi wa ule mpira unaingia dirishani, nami nalalamika njia nzima: "Mura, kijana wee, nitaimbaje nanuka kama jenereta?" Ukasimama kando ya shamba, ukaokota gunzi, ukalisokomeza mle huku unacheka. "Haya dada, nimelinyamazisha. Tukienda polepole halidhuriki. Ila unikumbushe tukirudi, maana mimi nikishiba wali nasahau hata jina langu."

Sikukukumbusha. Ulishiba, nami niliimba, watu wakanisifu, nikarudi nyumbani nimejaa zile sifa. Wiki iliyofuata ukalikimbiza kwenye yale mashindano, sili, zile raba za kuzuia oili, zikaachia, oili ikamwagika njia nzima, na wewe ukatoka kwenye moshi unamfokea Marwa mbele ya watu: "Umeniwekea sili za makaratasi!" Hamkusemezana tena. Hata boneti hukumruhusu aiguse. Ukafa mna ugomvi, na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye pua yangu.

Kwa nini nilinyamaza juzi? Nadhani niliuona uso wa mama. Nilikimbilia kanisani nikamwomba Mungu amwokoe Marwa, kana kwamba Mungu ndiye aliyekaa kiti cha mbele akakunja pua. Sala haikuisha. Ilikwama.

Jana wazee walikaa tena, na safari hii vijana wengine walikuja na fimbo. Nikasimama kabla kikao hakijafunguliwa. Nikasema yote, hata lile la wali. Baba mdogo akaniuliza, "Bhoke, unamkinga huyu?" Nikamjibu, "Simkingi, baba. Nilikuwa nimejificha nyuma yake." Wifi akainuka akatoka. Mama akajifunika kanga usoni, na mpaka sasa hajanisemesha. Sina haki ya kumharakisha.

Nikamwendea Marwa. Nikapiga magoti, mimi mkubwa wake, nikaomba radhi kwa ajili yangu, na kwa ajili yako uliyeondoka bila kumwomba. Akatazama chini. Akasema, "Dada, inuka, hapo umepigia magoti kwenye oili." Akachukua kofia yake akaenda. Kama amesamehe, hakusema.

Kwa hiyo sikuletei habari ya kukufurahisha, Mwita. Vijana walirudi na fimbo zao nyumbani, hilo namshukuru Mungu. Nimewaomba wazee gari akabidhiwe Marwa alitengeneze, wamesema watafikiri.

Nakuahidi jambo moja. Popote maneno yale mabaya yalipofika nitafika kwa miguu yangu, Genkuru, Mbalibali, hata mnadani katikati ya ng'ombe, niseme kosa lilikuwa la nani. Nitaanza Jumapili, mbele ya kwaya yangu. Wakitaka kunivua sare, wanivue.

Pumzika, mwana wa mama. Siku nitakayokuja huko, usiniulize kwanza habari za watoto wala za shamba. Niulize kama gereji ya Marwa ina magari.

Dada yako,
Bhoke