Niliwahesabu Wakatimia

Kizwite, Sumbawanga
Jumatano, 3 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Lucia,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeamka salama wewe na shemeji Teodori, na kifua chake kiwe kimeachia. Mwambie aache ubishi, avae sweta. Mwanamume kuvaa sweta hakujawahi kumpunguzia mtu heshima. Huku baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, na ukungu haujui kuondoka mpaka saa nne. Mimi mwili ni mzima. Moyo utauona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Mwanao Salome anaendeleaje? Anakula? Na zaidi ya yote, ukimwita anaitika? Nakuuliza kwa sababu ile Alhamisi ulipokuja kumchukua nilimwita mara tatu aje avae viatu. Kumbe yuko nyuma ya mlango, ananitazama kwenye uwazi wa bawaba, kimya. Niliingiwa na hofu mpaka nikakaa chini. Wewe ulidhani nimechoka, ukanishika mkono ukaniambia pole mdogo wangu, usijilaumu. Ungenipiga kofi ningelala vizuri zaidi.

Najua utauliza barua ya nini na simu ninayo. Dada, tangu Jumapili nimekupigia mara nne, na mara zote nne nimekuuliza habari za maharage. Mimi na maharage wapi na wapi? Nikisikia sauti yako nashika neno la kwanza linalopita. Ndiyo maana nimekaa na kalamu, na nitaandika mpaka nimalize.

Unayoyajua ni haya. Kwamba Jumatano iliyopita watoto wa kambi yangu ya likizo walipelekwa kutazama ilungu, lile tanuru la udongo ambalo wazee wetu walikuwa wakiyeyushia chuma. Kwamba wakati wa kurudi Salome aliachwa huko, akapatikana saa moja na nusu, giza limeshaingia. Na kwamba aliyemwacha ni Munira, binti wa Abdala mwenye duka. Hayo yote umeyasikia kwangu au kwa watu mbele yangu. Sasa nisikilize kwa utaratibu.

Nilipotangaza kambi mwezi wa tano, niliwaambia wazazi kwa mdomo wangu kwamba wadogo, wa miaka mitano na sita, watakuwa na mwalimu wao peke yao. Watakuwa na mkeka wao wa kulala mchana, mtu wa kuwapeleka chooni, na hawatatembezwa mbali. Nilijigamba kweli. Nilisema kambi ya mtoto mdogo si kambi ya mkubwa iliyofupishwa. Mwalimu huyo alikuwa Christopha, unamfahamu, yule mpole anayejua kuimba. Jumatatu ile akapata msiba kwao Laela, akaondoka. Nilipaswa kuahirisha safari au kuwaacha wadogo ukumbini na mama wa jikoni. Lakini Abdala alikuwa ameshatoa basi lake dogo, ile Kosta, watoto wanaruka ruka, nami nikaona aibu kuwavunja moyo. Aibu dada, si jambo lingine.

Basi nikafanya kama tunavyofanya majumbani. Kila mkubwa nikampa mdogo wake wa kumshika mkono. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Wewe mwenyewe ulinibeba mgongoni ukiwa na miaka minane, na ukanidondosha kule kisimani na hakuna aliyekuuliza. Salome nikamkabidhi kwa Munira, ambaye ana miaka kumi na miwili na ana akili za mtu mzima. Nilijiambia yuko mikono salama. Sikujiuliza kama mikono ile ilikuwa ya mtoto.

Ilungu lenyewe liko kwenye uwanda, upande wa barabara ya kuja kwenu, mwendo mfupi kutoka kijijini. Ni refu kuliko mtu, limezungukwa na nyasi, na chini lina matundu, moja likiwa kubwa kidogo. Upepo wa siku ile ulikuwa unasukuma watoto. Watoto wa kijijini wakaja kututazama, tukacheza nao, tukaimba. Ilipofika saa tisa ukungu ukaanza kurudi, nikatangaza safari, nikasema kila mtoto atapata andazi akipanda gari. Nikawapanga mstari, nikaanza kuwahesabu.

Unakumbuka marehemu mama alivyokuwa mkali juu ya kuhesabu watoto. Alisema mtoto hahesabiwi kama mbuzi, anaitwa kwa jina. Jioni alisimama mlangoni akatuita mmoja mmoja, na kila mmoja aliitika, hata tukiwa mbele ya macho yake. Mimi nilipotoka chuoni nilimcheka. Nilimwambia mama, hizo ni imani, siku hizi watu wana idadi. Basi siku ile nilihesabu vichwa kwa kidole, nikafika thelathini na wanane, na tulikuwa thelathini na wanane. Nikarudia, wakatimia. Nikafunga mlango wa gari kwa mkono wangu.

Tulifika hapa ukumbini saa kumi. Wazazi wakawa wanachukua watoto wao mmoja mmoja, mpaka akabaki msichana mdogo amesimama karibu na tairi, hana viatu, amevaa sweta ya bluu kama za wenzake, andazi bado liko mkononi. Nikamwuliza jina. Akasema Winifrida. Dada, sisi hatukuwa na Winifrida. Nilimwuliza tena, akasema hivyo hivyo, kisha akaanza kulia kwamba anataka kurudi kwao kijijini, alitaka tu kupanda gari. Nilikuwa nimehesabu mtoto wa watu mahali pa mtoto wako.

Sijui niliingiaje garini. Nakumbuka dereva aliwasha taa mapema kwa ajili ya ukungu, Winifrida amekaa mapajani mwangu, na Munira amekaa kiti cha nyuma. Hakushuka tulipofika mjini, akakataa hata baba yake alipomwita. Njia nzima nilikuwa naona vitu. Niliona mbwa. Niliona pikipiki inasimama na mtu anamnyanyua mtoto. Unajua mji wetu ulivyo na maneno kuhusu watoto wanaopotea. Siku nyingine huwa nayabeza, siku ile niliyaamini yote.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Eustaki, alimpokea Winifrida, hakunigombeza, akakusanya vijana na tochi. Wakasambaa uwandani wanaita Salome, Salome, kwa yale masauti yao mazito. Hakuna jibu. Karibu na hapo kuna shimo walilochimba udongo wa tofali, limejaa maji tangu masika. Niliona kijana mmoja anaingiza mti mrefu ndani ya maji, anauzungusha taratibu, anautoa, anauingiza upande mwingine. Nilisimama pale nikawa namwomba Mungu mti ule usiguse kitu. Mpaka leo nikifumba macho nauona.

Wakati sisi tuko shimoni, Munira alikwenda moja kwa moja kwenye ilungu, akalala kifudifudi kwenye nyasi, akaingiza kichwa kwenye lile tundu kubwa. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ni yeye, dada Munira, na baridi imekwisha, tuondoke. Salome akatoka akitambaa, uso umejaa vumbi jeusi. Alikuwa humo muda wote dada. Aliingia kujikinga na upepo, akasinzia, akaamka gari haipo. Na alisikia watu wote wakimwita. Nilipomwuliza kwa nini hakuitika, akanijibu kwamba mimi ndiye niliyewafundisha wasiitike sauti za watu wasiowajua. Kweli niliwafundisha, wiki ya kwanza, tena kwa wimbo. Sikuwafundisha wafanye nini ikiwa watu wasiowajua ndio wanaowatafuta.

Jumamosi wazazi wakaitisha mkutano ukumbini. Wewe ulikuwa umeshaondoka na Salome. Walikuja wengi, wengine ambao hata kuleta watoto walikuwa wanachelewa. Mama mmoja akasimama akasema huyo binti amejuaje mtoto yuko tanuruni, kama si yeye aliyemwingiza humo? Watu wakaguna. Neno likapita kutoka benchi hadi benchi, na lilipofika nyuma lilikuwa limeshakuwa ushahidi. Mtoto aliyemwokoa Salome akawa ndiye aliyemficha. Hapo ndipo na wewe ukapigiwa simu, nawe ukampigia Abdala ukamwambia maneno ambayo alinirudia nayo, nami sitayaandika.

Abdala hakupandisha sauti. Alisimama na kofia mkononi, akaniuliza mbele ya watu wote: Mwalimu, binti yangu anasema alikwambia pale kwenye mstari kwamba Salome hayupo. Alikwambia au hakukwambia? Nikamtazama Munira, amesimama mlangoni na mtandio umemshuka, ananisubiri. Nikasema sikumbuki.

Dada, nakumbuka.

Alikuja akanivuta mkono wa sweta wakati nahesabu. Akasema, Mwalimu, Salome simwoni. Nikamwambia asinichanganye hesabu. Nilipomaliza mara ya pili akarudi, safari hii macho yana machozi, akasema Salome hayumo, amewatazama wote. Nikamjibu kwa ukali kwamba nimehesabu na wametimia, apande gari, asijifanye yeye ndiye mwalimu. Akapanda. Na kwa nini mkono wa Salome ulimtoka? Mimi ndiye niliyemwita aje anisaidie kutoa maandazi kwenye ndoo. Alisema Salome je, nikasema mwache hapo, haendi popote. Kwa hiyo ndani ya dakika chache nilimtoa mtoto kwa mtu pekee aliyekuwa anamtazama, kisha nikamnyamazisha mtu huyo huyo, kisha mbele ya baba yake nikamwangushia jumba bovu.

Usiniulize kwa nini. Niliogopa. Niliwaogopa wale wazazi, niliogopa kituo cha polisi, niliogopa kambi kufungwa. Zaidi nilikuogopa wewe, kwa sababu ulikuwa umeshaniambia nisijilaumu na nilitaka neno hilo libaki langu. Abdala aliniamini. Alimwamini mwalimu akamwacha mwanawe. Akawaomba radhi watu wote pale ukumbini, mtu mzima yule, na mimi nikaipokea radhi kwa kutikisa kichwa.

Sasa Ijumaa hii Munira anapandishwa basi kwenda Kirando kwa bibi yake, Bi Mwasiti, na atahamishiwa shule ya huko, mpaka maneno yapoe. Rafiki zake wamekatazwa kumfuata. Jana nilikutana naye dukani. Alinipa shikamoo kama kawaida, kwa adabu, akanipimia chumvi, hakuniangalia. Nimekuwa nikisema wadogo tunawadai utii. Naona sasa wao ndio wanaotudai, na deni la kwanza ni mtu mzima aliye macho, na la pili ni kusikilizwa hata wakituharibia hesabu. Munira naye ni mdogo dada. Nilimsahau kwenye orodha ya wadogo kwa sababu alikuwa anaweza kubeba ndoo.

Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, umpigie Abdala uyarudishe yale maneno, maana hayakuwa yake wala ya mwanawe. La pili, Salome akimwulizia dada Munira, usimkatishe, mwache amzungumzie. Kambi nimeifunga leo mchana, na Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya wazazi wale wale. Wakitaka kunipeleka mbele zaidi, nitakwenda.

Msalimie sana shemeji, majirani zako wa sokoni, na mama mkwe wako ambaye najua atasema alijua tangu mwanzo. Salome mbusu kwenye paji la uso. Usimlazimishe kunikumbuka.

Jambo la mwisho. Barua hii utaipata kwa kondakta wa basi la kesho jioni, na utaikuta bahasha imefunguliwa. Usigombane naye. Kesho asubuhi naipeleka kwanza dukani kwa Abdala, aisome yote mbele ya Munira, nami nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye gunia la mchele mpaka aimalize. Viatu nimeshaviweka mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Silvana