Gitaa Uliyotaka Kuuzia Mtamba

Kaka Lemayian,

Supa. Hapo Bisil mko aje? Goti la mama yetu, yeyo, limepoa? Na ng'ombe, wamepata nyasi ama bado mnawatembeza tu? Mimi hapa Kitengela niko mzima, hata nimenenepa, na kwa karakana hakuna anayeranda mbao kunishinda. Mwenye karakana anajua, ila anaogopa kusema.

Sasa, ile gitaa ya stima uliyotumiwa picha. Ulisema niende niangalie ni ya kampuni gani na ni mti gani, kabla upeleke mtamba wako sokoni uinunue. Nilienda, na mpaka leo nanawa mikono.

Muuzaji ni mzee wa duka la redio, mdomo umejaa miraa. Shingo ya gitaa ilikuwa na jasho la watu limekauka, jeusi, unalikwangua kwa ukucha. Kichwani hakuna jina.

"Hii ni ya kampuni gani?" nikauliza.

"Ya Marekani. Jina limefutika kwa kushikwa sana."

"Na mti?"

"Mahogani. Lakini wewe ni kijana wa mbuzi, huwezi jua."

Mimi, wa mbuzi. Nikatoa bisibisi nikafungua kifuniko cha nyuma penye nyaya, kwa sababu hapo ndani hakuna fundi hupoteza rangi. Mende wakatoka. Mti ulikuwa mwekundu, nikaanza kuogopa mzee anasema ukweli. Nikakwaruza, nikanusa. Harufu ya penseli. Hilo ndilo somo nililomaliza shuleni, kunusa penseli. Ni mtarakwa, kaka, ule mti wa penseli na nguzo. Na pembeni kuna msumari wa seng'enge, ule wa miguu miwili, umezama kwa mti na kutu yake.

"Mzee, hii ni nguzo ya ua."

Akatema miraa karibu na kiatu changu. "Kwani utapiga mti ama utapiga nyuzi?"

Mtu aling'oa ua wa mwenzake, akaunganisha na gundi, akapaka rangi, akaita Marekani. Nilipoipiga ililia vizuri, sikudanganyi, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Nisalimie yeyo, baba mdogo wa kukohoa, na mke wako anayekuvumilia. Mwalimu wa kwaya anayeingojea hiyo gitaa mwambie aendelee na kayamba.

Na mtamba mwache malishoni. Ukimuuza ununue ua, huo ua utamfungia nani?

Ndugu yako mwenye akili,
Saning'o