Nani Hajarudi Zizini

Jumatano, Kilosa. Mvua imekatika tangu asubuhi na jua limetoka bila ukali.

Naomba radhi kwa ukimya wa karibu miezi miwili. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na aibu, na sikupenda kuiandika mahali ambapo wanafunzi wangu wa zamani husoma.

Nilistaafu, kisha nikarudi kushika darasa la kwanza kwa kujitolea, kwa kuwa walimu hawatoshi. Tulipofika kwenye hesabu za kutoa, nilichukua mfano niliotumia miaka yote: Baba ana ng'ombe tisa. Wanne wamekufa. Wamebaki wangapi? Nikamwinua Naserian, binti wa wafugaji waliohamia nje kidogo ya mji.

Akanyamaza. Nikarudia swali. Akatazama sakafu. Nilimsimamisha hadi kipindi kikaisha, na siku ya pili nikafanya vivyo hivyo. Nikamwita mkaidi mbele ya wenzake.

Siku ya tatu hakuja. Wala wiki zilizofuata.

Juzi Jumatatu baba yake alifika na fimbo yake. Akaniamkia, nikaitikia marahaba, akasema amekuja nifute jina la mtoto.

"Sisi ng'ombe hatuhesabu, mwalimu. Ukiwahesabu unawaitia kifo. Wewe umewahesabu, halafu umeua wanne. Mtoto ajibu nini?"

Nimeishi jirani na wafugaji miaka mingi na sikuwahi kuuliza. Nikamwuliza sasa: kama hahesabu, anajuaje kwamba mmoja amepotea?

Akacheka. "Ukiingia nyumbani mjukuu wako hayupo, unahesabu kwanza? Jioni nasimama mlangoni pa zizi. Naona yule wa baka jeupe hajarudi. Namfuata."

"Na Naserian anawajua?"

"Ananishinda mimi."

Nikamwomba radhi, jambo ambalo sikumbuki kumfanyia mzazi yeyote. Nikamwomba pia amlete mtoto mara moja tu, naye aje aone. Nikauliza kama visoda, vile vizibo vya chupa za soda, vinahesabika.

"Hesabu upendavyo. Visoda havizai."

Leo walikuja wote wawili. Nilipanga visoda tisa vya rangi mbalimbali juu ya mkeka, watoto wakavitazama. Nikavifunika kwa khanga, nikaondoa vinne, nikafunua. Sikuuliza vimebaki vingapi. Niliuliza ni visoda vipi havijarudi.

Naserian alisimama kabla sijamtaja. "Vyekundu viwili, cha kijani, na kile kilichopinda."

"Ni vingapi hivyo?"

"Vinne."

"Na vilivyorudi?"

Akavigusa kimoja kimoja. "Vitano."

Kwenye dawati la nyuma, ambako magoti yake hayakuenea, baba yake aligonga fimbo sakafuni mara moja.

Niliugeukia ubao nikajifanya nafuta. Ulikuwa safi.

Jina halikufutwa. Hata hivyo kiangazi watahamisha mifugo, na wazee wa boma lao watakaa waamue kama Naserian ataondoka nao au atabaki kwa shangazi yake Magomeni, hapa hapa Kilosa, aendelee na shule. Hilo siwezi kuwaamulia. Lakini usiku wa jana sikulala, na leo nahisi usingizi utakuja wenyewe.

Kesho, kabla ya kuita majina, nitasimama mlangoni nione nani hajaingia. Wazee wakishaamua, nitaandika hapa, hata kama uamuzi wao si ule ninaoutaka.