Mama Hatulii

9 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Mke wako hajambo? Na kile kikohozi chako, kimeisha au bado unakohoa kila ukitoka kwenye vyumba vya barafu? Mimi nipo. Magoti yananung'unika, sukari inapanda na kushuka, lakini nipo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, tena unaimalizia vibaya. Karatasi hukatizi.

Sasa kaa chini. Nimeanza kujifunza baiskeli.

Usiruke. Soma kwanza. Tangu nimestaafu kule kwenye mikate, nyumba hii imenishinda. Naamka, nafagia, nakaa, nainuka nafagia palepale nilipofagia. Mikono inatafuta unga. Miaka yote ile nimesimama mbele ya tanuri, leo naambiwa pumzika, kana kwamba kupumzika ni kazi mtu anaweza kuajiriwa usiku mmoja akaijua. Daktari wa kliniki anataka nifanye mazoezi, lakini kutembea magoti yanakataa. Ndipo jirani yangu yule mkunga mstaafu akaniambia, "Shoga, panda baiskeli. Itakubebea hayo magoti." Yeye anayo yake, na mtaa mzima unamwita Bi Kengele kwa jinsi anavyoipiga hata barabara ikiwa tupu.

Nilimuuliza daktari. Amekubali, kwa masharti: nipime kabla, nile, nivae viatu vya kufunika, niwe na kitu kitamu mfukoni, na kila jioni nikague nyayo kwa kioo, maana ganzi imeanza na naweza kukanyaga msumari nisijue.

Tunajifunzia kiwanja cha mpira, kwa baiskeli yake. Siku ya kwanza nilikwenda kidogo tu nikaukumbatia mlingoti wa goli kama ndugu niliyepotezana naye. Golikipa akasema, "Mama, hilo si goli, umeotea." Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Lini mara ya mwisho umenisikia nikicheka hivyo?

Nisalimie mkeo.

Mama yako

—

20 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kikohozi kimepungua, na mkwe wako anakusalimu sana. Kazi ni ileile, majokofu ya watu yanaharibika Ijumaa jioni kana kwamba yamekubaliana.

Mama, nimeisoma barua yako nikadhani unanitania. Baiskeli? Umri huo? Ukianguka ukachubuka mguu, unajua mwenyewe kidonda cha mtu mwenye sukari kinavyokwenda. Cha baba kilianza kwa kiatu kipya tu. Kiatu, mama! Tukamzika bila mguu mmoja.

Huku kwangu kuna chumba. Mkwe wako ameshatundika mapazia na kitanda kipo. Njoo ukae, upumzike, utusumbue sisi badala ya kuwasumbua magolikipa. Nakuomba. Rudisha hiyo baiskeli ya watu.

Mwanao

—

14 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, tena sana.

Sijarudisha, kwa sababu si ya watu. Nimenunua yangu, kuukuu, ya bluu, ina kapu mbele. Juzi nimekwenda nayo sokoni nikarudi na nyanya hazijapasuka. Sawa, mbili zimepasuka. Daktari ametazama kipimo changu cha miezi hii, akanitazama mimi, akakitazama tena, kama vile nimeiba damu ya mtu. "Unafanya nini?" akauliza. Nikamwambia, "Nazurura." Akasema niendelee kuzurura.

Asubuhi nikiwa juu ya kile kitu, upepo unaingia mikononi mwa gauni, na mwili wangu si mgonjwa. Ni mwili tu. Nikishuka nakumbuka tena vidonge, sindano, kioo cha nyayo. Ndiyo maana sipendi kushuka.

Mapazia ni ya rangi gani?

Mama yako

—

2 Mei

Shikamoo mama,

U hali gani? Safari hii nauliza nikitaka jibu.

Nimekuandikia Aprili, kimya. Nikipiga simu unasema "nzuri, nzuri" unakata. Jana mjomba ndiye kanieleza. Kumbe ulianguka barabarani. Kumbe ulibebwa. Kumbe mtaa wote unajua, mpaka kinyozi anajua, isipokuwa mimi uliyenizaa.

Sikuweza kufanya kazi. Nimefungua jokofu la mteja nikasahau nimelifungulia nini. Nilikuwa nasimama, nakaa, natoka nje, narudi ndani, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimeibiwa.

Nimemwambia mjomba aje aichukue baiskeli. Kasirika, lakini uwe hai.

Mwanao

—

30 Mei

Mwanangu,

Sikuanza na salamu kwa sababu sina.

Utasikia kutoka kwangu, si kwa kinyozi. Asubuhi ile nilijidunga sindano ya kushusha sukari, uji ukiwa jikoni. Nikaona nje kumetulia, nikasema nitakunywa nikirudi. Ndilo kosa, nami nalijua. Nilipofika karibu na duka la dawa jasho la baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, barabara ikawa kama pamba. Peremende zilikuwa mfukoni, lakini sikukumbuka mfuko ni wa kazi gani. Nikakaa chini palepale. Nikasikia mtu anasema, "Huyu mama kalewa mapema hivi!" Wengine wakacheka. Nilitaka kuwaambia, ulimi ukakataa.

Mwanamke wa duka la dawa akatoka, akanusa mdomo wangu, akanitoboa kidole, akawafokea wale waliocheka mpaka wakatawanyika. Akaninywesha maji ya sukari kidogokidogo. Baadaye akanipa mkate na kukaa nami mpaka miguu ikarudi kuwa yangu. Nilichubuka kiwiko tu, kimepona. Nilikwenda kwa daktari mwenyewe, nikamweleza yote. Amepunguza dozi ya siku za kuendesha, na sitoki bila kula na kupima. Sikukuambia kwa sababu nilijua utafanya hiki ulichofanya.

Mjomba wako alikuja na pikapu. Hakunitazama usoni. Alipandisha baiskeli nyuma akaifunga kamba kama ng'ombe mkorofi, akasema, "Dada, mimi nimetumwa." Nilisimama mlangoni mpaka vumbi likakaa.

Tangu siku hiyo nimekaa, kama mnavyotaka. Sukari imepanda tena. Usingizi sipati. Nazunguka meza. Juzi nimejikuta nakanda unga wa mikate ambayo hakuna wa kuila.

Unanitajia baba yako. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga kile kidonda. Kilianza kwa kiatu, ndiyo, lakini baba yako hakumalizwa na kiatu. Kila mtu alimwambia kaa, baba, tutakuletea. Tukamletea maji. Tukamletea gazeti. Mwisho tukamletea mpaka beseni la kunawia. Tulimpenda hivyo mpaka akasahau kusimama.

Mimi usiniletee. Ukitaka kunitunza, niulize nimepima ngapi leo.

Mama yako

—

11 Juni

Shikamoo mama,

Barua yako nimeisoma, nikampa mkwe wako, naye akaisoma, akaenda kukaa uani peke yake.

Nimempigia mjomba. Kesho anairudisha. Anasema afadhali, maana watoto wake wameanza kugombana juu yake.

Umepima ngapi leo?

Lakini mama, bado naogopa, sitakudanganya. Chumba kipo palepale. Mwezi ujao nakuja nikuone kwa macho yangu. Nikiona mambo si mazuri, tutafunga mizigo tuondoke wote, na safari hiyo sitaki ubishi.

Mwanao

—

18 Julai, mlangoni kwako

Shikamoo mama,

Nimefika na basi la alfajiri, sikukuambia, nilitaka nikukute kama ulivyo. Nimekuta mlango umefungwa. Bi Kengele anasema umekwenda kliniki na baiskeli yako, utarudi sasa hivi. Hilo "sasa hivi" lake nimelingoja mpaka jua limefika kwenye ngazi. Naandika nyuma ya karatasi ya kazini kwa sababu nisiposhughulisha mikono nitakwenda kukutafuta barabara nzima.

Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka kwenye kona, nimerudi. Bi Kengele kaniletea kiti. Sikikalii. Kanitazama akasema, "Kumbe mmefanana." Nikamuuliza vipi ukianguka tena. Akasema, "Ataanguka. Kisha tutamwinua. Wewe ulijifunza kutembea kwa njia gani?"

Nimechungulia dirishani kwako. Kipimo kipo mezani, sahani imeachwa tupu, kioo kimeegemezwa karibu na kiti. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilikuja na begi kubwa la kubebea nguo zako, mama. Limekaa hapa miguuni, linanichekesha.

Nakuona. Umetokea kwenye kona. Hujaniona. Lori liko nyuma yako na wewe hunywei, umekaa kwenye upande wako kana kwamba barabara umeijenga wewe. Sasa umeinua mkono kumsalimia kinyozi. Mkono mmoja, mama! Nimeing'ang'ania kalamu hii nisije nikapiga kelele ukashtuka.

Unacheka. Naliweka begi nyuma ya kiti usilione.

Mwanao