Nimeshangilia Kishikizo

Mwenzangu, uko wapi? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unaijua ile fuwele yangu niliyoikuza mwaka mzima kwenye tanuri? Leo ndipo tumeipoza na kuipiga kwa miale ya nyutroni, tuone kama ina usumaku ndani wakati inapitisha umeme bila kupoteza hata chembe.

Alama ikatokea kwenye skrini. KUBWA. Palepale nilipobashiri! Nikapiga vigelegele. Mimi! Nikamkumbatia profesa, yule asiyecheka hata akitekenywa. Maabara nzima ikageuka.

Akaniuliza taratibu, "Umeipasha joto?"

Maana usumaku ule hufa ukipata joto. Nikapasha. Alama haikutikisika. Nikapasha tena. Iko vilevile!

Akasema, "Mwanangu, hiyo ni alumini ya kishikizo kinachoishika fuwele yako."

ALUMINI, mwenzangu. Nimeshangilia kishikizo!

Tukafungua chombo cha kupozea. Fuwele haipo kwenye kishikizo. Kumbe gundi iliyoishika iliachia, na fuwele imelala kwenye kitako cha chombo, nzima kabisa. Nikaifunga upya kwa waya.

Safari hii ikaja alama ndogo, ya kutafuta kwa tochi. Nikapasha, ikafifia, ikapotea. Nikapoza, ikarudi.

Sikuthubutu hata kukohoa. Nageuka, namwona profesa amevua miwani anafuta macho.

"Ni yenyewe," akasema. "Nenda kampigie mama yako."

Nimempigia. Hakuelewa hata neno moja, lakini analia tu kwa furaha.

Sasa wewe pokea simu!