Khabari za Baba na Kiwanja cha Marubani

Sidab, Maskati
Mfunguo Nne, 1968

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Salma,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na dada Zuwena na wanawe. Miguu yako vipi? Ile dawa ya kuchua ilifika? Mie afya ipo, alhamdulillahi, ila roho yangu haijatulia wiki ya pili sasa. Zuwena, wewe unayemsomea mama, hapa simama kwanza. Mkalishe kitako, na kama kuna mgeni mngoje aondoke.

Mama, unajua nnafanya kazi kiwanja cha ndege cha Bait al Falaj. Kiwanja chenyewe changarawe tupu, kimebanwa na majabali, na kazi yangu ni kubingirisha mapipa ya mafuta mpaka kwenye ndege zinazokwenda vitani Dhofar. Kiarabu changu wanakicheka. Nikisema neno, vijana wa hapa wanalirudia kwa kubana pua. Anayenisemesha Kiswahili ni mmoja tu, fundi wa injini, Bwana Abdalla, mzaliwa wa Mombasa alokuja huku kwa wajomba zake. Mchana tunakaa chini ya bawa la ndege, tunakula mkate na papa mkavu.

Siku moja tunakula, rubani mmoja, kijana hata ndevu hana, akatua vibaya, ndege ikadundadunda. Sote tulicheka isipokuwa Bwana Abdalla. Akasema, "Hawa mie nshawaona wakijifunza. Wakati wa vita vikuu nlikuwa bara, Kenya, kiwanja walichofundishiwa marubani wa kupigana." Nikamwambia baba yangu naye alikwenda kufanya kazi kiwanja cha ndege huko bara, hakurudi. Akaniuliza jina lake. Nlipolitaja, aliuweka mkate chini.

Mama, nakuandikia kama alivyonihadithia. Pale palikuwa shamba la ngano la Mzungu mmoja. Walipasawazisha kwa majembe, watu wa pwani na wa bara, baridi ya asubuhi hata vidole havishiki mpini. Mwanzo zilikuja ndege ndogo za manjano za kujifunzia kuruka, kisha zikaja za vita zenyewe. Wanafunzi walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Kuwafundisha shabaha, ndege moja iliburuta kwa kamba ndefu kitambaa cheupe kilichoshonwa kama foronya, na wao wanakipiga risasi huko huko juu. Risasi za kila mmoja zilichovywa rangi yake, ijulikane tundu hili la nani. Kitambaa kikiangushwa, lazima mtu akimbie kukiokota kabla ya ndege nyengine kutua.

Mtu huyo alikuwa baba, kwa kuwa alikuwa na mbio. Fundi anasema alikuwa mcheshi, akirudi anayahesabu matundu njiani, asipoyaona humwambia mwalimu wao, "Leo mtoto huyu kaipiga mbingu tu." Nlicheka nliposikia. Ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunichekesha.

Asubuhi moja ya ukungu alitoka kuokota. Kijana mmoja akarudi kabla ya wakati, injini inakohoa, akashuka bila kujua kama kuna mtu chini. Baba hakuteseka, alikufa pale pale. Bwana Abdalla ndiye alomwosha. Kutafuta sanda, madukani hakuna nguo kwa ajili ya vita, basi wakakata kitambaa kipya cha shabaha kisichopigwa hata risasi moja, wakamkafini. Walimswalia watu tisa. Vita vilipokwisha kiwanja kikaachwa. Fundi alipita pale kabla ya kuja huku, akakuta ngano imerudi, na makaburi yale machache yamezungushiwa mawe.

Nikamuuliza kwa hasira, mbona hamkutuandikia? Akanijibu, "Tuliandika. Nlimwandikia kaka yake."

Ami Seif alijua, mama. Tena alimjibu: shemeji yangu mja mzito, asiambiwe na mtu, mimba isije ikaharibika, tutamwambia akijifungua salama. Mimba hiyo ni mimi.

Nadhani alingoja ujifungue, kisha akangoja arobaini, kisha akasema mtoto anyonye kwanza, na kila alipochelewa ulimi ukazidi kuwa mzito. Kila Ijumaa akituletea samaki akiishia ukumbini, hata kahawa hanywi. Nasi tukimwita mwenye kiburi. Kafa nayo moyoni. Nimejaribu kumsamehe, kuna siku naweza na kuna siku siwezi.

Linaloniua ni ule mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi. Meli inangoja, watu wanakimbia na roho zao, wewe ukasema, "Siendi. Mume wangu akirudi akute nyumba ina mtu." Ukabaki katika siku zile kumngojea mtu alozikwa miaka ishirini nyuma, nami mwanao nikapanda nikakuacha. Basi mama, usikae tena kwa ajili yake. Ukitaka kubaki, baki kwa ajili ya Zuwena na wajukuu. Ukitaka kuja, nambie neno moja tu, nianze kuhangaikia ruhusa, ijapokuwa najua ni taabu huko na huku.

Nisalimie shangazi mkubwa, na mwalimu wangu wa chuoni alonisomesha Kurani, na yule jirani wa ukuta mmoja anayekuchotea maji. Waombe wamsomee baba khitma.

Limebaki moja, nimelichelewesha kusudi. Najua ukisikia haya utataka kukaa eda, uvue bangili zako ujifungie ndani. Nimemuuliza sheikh wa msikiti wa hapa Sidab. Kasema huna eda ya kukaa, kwani mwenye mimba akifiwa na mume, eda yake humalizika anapojifungua. Eda yako, mama, ilikwisha siku ulonizaa. Siku ile ile ambayo, kama ulivyokuwa ukinihadithia, ulimwomba mkunga atafute mtu wa kumpelekea baba khabari kuwa kapata mtoto wa kiume.

Mwanao,
Nasor