Maji Yaliyolala

Jumamosi, 4 Machi 1978

Chupa mia na arobaini za dripu nimezikagua leo. Peke yangu! Unashika shingo ya chupa, unaipindua taratibu mbele ya ubao mweusi, taa ubavuni, kisha ubao mweupe. Uzi, chembe ya mpira, kivumbi — nje! Ndugu Gaudens, mfamasia wa hospitali yetu, ana miwani na diploma. Mimi nina darasa la nne na macho. Leo kapitisha chupa, nikamrudishia: mzee, humo mna uzi. Kaitazama mpaka jasho likamtoka. Uzi upo. Ha!

Saa saba dumu la kioo lilikuwa limejaa maji ya mvuke kutoka mtamboni, ya kutengenezea dripu. Sheria naijua: yatiwe chumvi, yachujwe, yaingie chupani na kupikwa siku hiyohiyo. Yakilala, mwaga. Lakini mahamali wa soko la zamani walikuwa wanacheza drafti Mtaa wa Swahili. Nikafunika dumu — nitayamwaga Jumatatu — nikatoka mbio.

Soko jipya zuri, sikatai. Zege tupu. Lakini halinuki! La zamani lilinuka papa, embe na magunia ya katani yaliyolowa. Nikiwa na miaka minane, hamali mmoja, Mzee Mwinyimvua, alinipakia juu ya mzigo, mkokoteni unalia kwii-kwii, nami nawatania watu wazima njia nzima, hakuna wa kunifikia. Herufi nilizijulia kwenye magunia yale, si shuleni. Leo kwenye drafti kanifunga mara tano. "Daktari wa chupa," ananiambia, "uzi unauona, kete yangu huioni?" Wazee wote wakaangua kicheko. Nimerudi nimejaa kama niliyekula pilau.

Jumatatu, 6 Machi

Kipindupindu. Wodi imefurika mpaka barazani. Sista Evarista wa wodini kanigongea mapema: dripu! Zile mia na arobaini zinakwisha. Umeme hakuna, mtambo baridi. Ndugu Gaudens kaenda kuhangaikia vizibo vya mpira. Na dumu la Jumamosi lipo palepale, linang'aa.

Nikajisemea: maji yaliyochemka yamechemka. Na yatachemka tena! Nikapima chumvi, nikachuja — mara mbili! — nikajaza chupa thelathini, nikazipika kwenye jiko la mvuke la kuni. Daftarini nikaandika: maji ya leo. Mbele ya ubao mweusi, hakuna hata kidoa. Sijawahi kuona chupa safi vile.

Sista kabeba kumi. Mungu akulipe, mwanangu, kasema. Nikavimba kichwa.

Jumanne, 7 Machi

Sista anasema wagonjwa wawili walitetemeka jana baada ya dripu, meno yanagongana. Labda malaria, kasema.

Nikamuuliza Ndugu Gaudens, kama utani: hivi maji yakilala kuna nini, si yanapikwa? Hakucheka. Vijidudu huzaliana humo, kasema, na maji yanabaki meupe vilevile. Ukiwapika wanakufa, sumu yao haifi. Kichujio hakiikamati. Jicho haliioni.

Hata langu? nikauliza.

"Hata lako, bwana mkubwa."

Zamani tungejua kwa sungura wa kupimia homa: anadungwa maji ya chupa, akipandwa na homa, chupa zinamwagwa. Waliisha Januari — waulize wapishi. "Siku hizi sungura wetu ni daftari," kasema, "na anayeliandika."

Sijala mchana. Chupa ishirini bado ziko rafuni.

Jumatano, 8 Machi

Mahamali wamemleta Mwinyimvua alfajiri. Juu ya mkokoteni! Macho yamezama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nikatoa shikamoo. Marahaba ikatoka kama pumzi.

Sista kaja mbio: zile ishirini, haraka! Mpya zitatoka jikoni saa tisa.

Nilisimama mbele ya rafu. Kisha nikaenda kwa Ndugu Gaudens, nikasema yote, hata drafti.

Afadhali angepiga kelele. Kanipa kalamu na daftari. Kanifanya nikate neno "leo", niandike "Jumamosi", nitie sahihi jina langu kamili, Seifu Bushiri. Halafu kafungua chupa moja moja, ishirini zote, kazimwaga kwenye karo. Katoka na gari kwenda kuazima dripu zahanati ya bandarini. Kazi yangu? Hakuitaja. Sikuuliza.

Sasa saa tano na nusu. Niko kando ya kitanda, namnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mengine yanarudi. Napangusa, natia tena. Gari halijarudi.

Kati ya vijiko ananihadithia soko la zamani: mvua ya usiku mmoja, mwaka ule wa miaka yangu minane, paa lilipovuja, tukajibanza chini ya mkokoteni, nikalala mapajani kwake, soko zima likanyamaza kusikiliza mvua. Mimi siukumbuki usiku ule. Nimemwambia naukumbuka.

Jirani yake ana chupa inayodondoka, ya wiki iliyopita, ya mwisho. Mzee anaitazama muda mrefu. Ananigeukia.

"Seifu. Si wewe ndiye unayezitengeneza? Yangu iko wapi?"

Nimeweka kijiko chini. Nimemwambia, babu, Jumamosi ile tulipokuwa tunacheza —